Jicho la Wagonjwa

Wagonjwa walimwita Sista Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kuliko mengine yote. Taratibu kushuka kitandani, taratibu kwenye ngazi, taratibu na hiyo plasta. Mumewe, fundi wa mafriji, alisema jina hilo amepewa na watu ambao hawajawahi kukaa naye nyumba moja.

Kliniki ya macho alimofanya kazi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi za nyumba, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wagonjwa. Daktari aliwatoa watu mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, la pili baada ya lile kupona. Akishamaliza, mgonjwa aliletwa kwa Sista kwenye chumba kidogo chenye sinki na benchi la kijani. Hapo Sista alikagua kifuniko cha plastiki juu ya jicho, akaongeza plasta palipolegea, kisha akaeleza: kifuniko kisitolewe mpaka asubuhi, mikono ioshwe kabla ya kushika dawa, tone moja kila mara, na jicho lisisuguliwe hata likiwasha namna gani. Mwisho alitoa karatasi ya Kiswahili yenye maneno hayohayo, ili mtu akifika nyumbani na kusahau, aulize karatasi.

Kisha ikaja barabara kubwa. Kampuni ya ujenzi ilileta watu kutoka huku na kule, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara, na wazee wastaafu waliosikia kwamba daktari ana mkono mwepesi. Wengi hawakujua Kiswahili. Sista aliwaeleza kwa Kiingereza chake cha kazini na kwa vidole, lakini karatasi ya kuwapa hakuwa nayo.

"Andika ya Kiingereza," daktari alimwambia siku moja huku akivua glavu. Alikuwa mama mrefu asiyependa kurudia neno. "Wewe ndiye unayewaeleza kila siku. Meneja ataipitia, mimi nitasaini."

Sista alifurahi kuliko alivyoonyesha. Siku yake ya mapumziko alifuta meza ya jikoni, akaikausha, akaiweka ile ya Kiswahili mbele yake. Ile ilisema mgonjwa. Mgonjwa aache jicho likiwa limefunikwa mpaka asubuhi. Lakini aliposhika kalamu, mgonjwa mmoja alionekana kwake mpweke sana, kama mtu aliyesahauliwa kwenye benchi kliniki ikiwa imefungwa. Karatasi ya daktari inasema na watu wote, aliwaza, tena kwa Kiingereza. Akaandika "Patients". Na wagonjwa walipokuwa wengi, macho nayo yakawa mengi: "Patients must keep their eyes covered until morning." Aliisoma kwa sauti. Ilisikika kama tangazo la uwanja wa ndege. Akaridhika.

Meneja aliipitia kwa kalamu yake nyekundu. Alikuwa mtu wa shati lililonyooka na sauti ya chini, aliyewahi kukaa mapokezi ya hoteli kubwa, na aliamini kwamba mgeni akikosewa lugha amekosewa heshima. Aliongeza koma moja, akaipeleka kwa daktari, daktari akasaini akiwa amesimama, karatasi zikachapwa.

Mtu wa kwanza kuitii karatasi ile neno kwa neno alikuwa mhandisi mstaafu, mzee wa kigeni aliyeishi peke yake kwenye nyumba nyuma ya kituo cha mafuta. Alitolewa mtoto wa jicho la kulia, akashukuru, akaondoka. Asubuhi yake akapanda ngazi za kliniki akiwa ameshikwa mkono na jirani yake, dereva wa lori. Kichwani, juu ya kifuniko cha plastiki na juu ya jicho la kushoto ambalo halikuwa na ugonjwa wowote, alikuwa amezungusha taulo la jikoni na kulikaza kwa tai. Kwenye paji la uso kulikuwa na nundu ya kutosha.

"Nimemkuta amekaa sakafuni," dereva alisema. "Anasema hawezi kufungua mpaka ahakikishiwe kwamba kumekucha. Nimemhakikishia mimi, hataki."

Sista alimkalisha kwenye benchi, akaanza kufungua tai.

"Lakini mimi nilikuambia jicho moja," alimwambia kwa Kiingereza. "Nilikuonyesha. Hili."

"Wewe uliniambia moja," mzee alijibu, kwa upole uliomuumiza Sista kuliko kama angetukanwa. "Nilipofika nyumbani, karatasi ikaniambia mawili. Karatasi ina sahihi ya daktari."

Alikuwa ameutafuta mlango wa bafu kwa kupapasa ukuta, akaupata kwa paji la uso. Daktari alimkagua muda mrefu kwenye mashine, akimwambia atazame juu, atazame chini. Jicho lilikuwa salama. Daktari hakuonekana kufurahi.

"Angejigonga upande huu," alisema, akigusa shavu lake mwenyewe, "sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine. Nani aliandika?"

"Mimi," Sista alisema.

"Kisarufi haina kosa," meneja aliongeza kutoka mlangoni. "Nimeipitia mwenyewe."

"Sijauliza sarufi. Rekebisheni."

Sista alirekebisha siku hiyohiyo, amesimama kwenye kaunta, chai ikimpoa. Ilikuwa kazi ndogo, au ndivyo alivyodhani. Alifuta ile s ya mwisho. Wagonjwa wote waache "their eye" likiwa limefunikwa. Akaipeleka ofisini.

Meneja aliisoma, akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Wagonjwa wote hawa wana jicho moja, Sista? Wanapokezana?"

"Kila mmoja ana lake. Ndiyo maana nimeandika moja."

"Kila mmoja akiwa na lake, yakijumlishwa ni macho."

"Yakijumlishwa, ndiyo. Lakini nyumbani hakuna anayeyajumlisha. Mtu yuko na kichwa chake peke yake."

"Basi akiwa na akili timamu ataelewa."

"Mzee wa leo hakuelewa."

"Mzee wa leo ni mhandisi," meneja alisema, kama anayetaja ugonjwa mwingine, akairudisha s mahali pake kwa wino mwekundu.

Alijaribu tena. Safari hii akaandika "the eye", bila kusema ni la nani. Meneja akauliza jicho lipi, la kulia au la kushoto, au lolote mgonjwa atakalopenda. Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomchefua Sista zaidi. Mtu anayekosea kila siku ni rahisi kumvumilia. Anayepatia katikati ya makosa anakata maini. Akaichukua karatasi, akairudisha na maneno mapya, ikarudi kwake na nyekundu mpya. Ilipofika mwisho wa juma, ile sentensi moja ilikuwa imekatwakatwa mpaka haijulikani nani alikuwa ameandika nini. Wagonjwa wa kigeni waliendelea kuja, naye akawa anawashika kidole cha shahada na kukiweka juu ya kifuniko: hili tu, hili peke yake. Wanne kati yao walimuuliza kwa nini basi karatasi inasema vingine.

Nyumbani aliweka mkoba mezani kwa kishindo. Mumewe alikuwa amevua miwani, anapuliza vumbi kwenye kipande cha friji.

"Meneja?" aliuliza.

"Nimechoka. Sisi kwa Kiswahili tunasema wagonjwa wafunike jicho, watu wanyooshe mkono, wageni wavue kofia, na hakuna mtu duniani anayedhani wageni wote wamevaa kofia moja. Hawa wa Kiingereza ukiwawekea moja wanacheka, ukiwawekea nyingi wanajifunga taulo."

"Nenda kamwone wifi yako. Kiingereza si ndiyo kazi yake?"

"Bora nibaki na ujinga wangu."

Mumewe akarudi kwenye kipande chake cha friji. Dada yake mkubwa alifundisha Kiingereza sekondari, na wanafunzi walimpa jina la Nukta kwa sababu akishasema, pameishia hapo. Aliishi nyumba ya pili kutoka kwao. Kwenye harusi yao, Sista alipotoa shukrani kwa Kiingereza mbele ya mabosi wake wa zamani, Nukta alimsahihisha huku Sista bado ameshika kipaza sauti. Tangu siku ile Sista hakuwahi kutamka sentensi nzima ya Kiingereza mbele ya wifi yake. Akipigiwa simu ya Kiingereza wakiwa pamoja, alitoka nje.

Basi akabaki na ujinga wake, na meneja akachoka kabla yake. Sista alirudi kutoka mapumziko akakuta karatasi mpya, bado za moto kutoka kwa mchapaji. Meneja alikuwa ametafuta njia ya kumridhisha kila mtu. Kila palipokuwa na ubishi, aliweka ile s ndani ya mabano. Jicho lenye s kwenye mabano, mkono wenye s kwenye mabano, chupa yenye s kwenye mabano. Msomaji achague mwenyewe.

"Sasa umeshinda wewe, na nimeshinda mimi," alimwambia Sista kwa furaha ya kweli.

Sista aliitazama ile mistari yenye mabano, kama nepi zilizoanikwa kwa vibanio. Alitaka kubishana, akamkumbuka mgonjwa anayemsubiri ndani, akaziweka karatasi kwenye trei.

Baada ya hapo walikuja mume na mke waliouza vitambaa, watu wa ng'ambo ya mpaka, wakatolewa mtoto wa jicho asubuhi moja, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa watu wa kucheka. Walikaa kwenye benchi la kijani bega kwa bega, kila mmoja na kifuniko chake, mke akisema sasa kati yao wamepata mtu mmoja mwenye macho mawili. Sista naye alicheka. Aliwaeleza yote, akawapa karatasi, akawaelekeza kwenye dirisha la dawa.

Mke alirudi peke yake kabla ya siku yake ya kuja. Mume alikuwa amebaki chini, hakuweza kuacha kujilaumu mbele za watu. Jicho la mke lilikuwa jekundu kama pilipili, kope zimegandamana kwa usaha, na mwanga wa dirishani ulimfanya ageuze uso ukutani.

Maelezo yalitoka kidogokidogo. Dirishani mtoa dawa aliwauliza wanataka chupa moja au mbili. Wakasoma karatasi. Karatasi ilisema wagonjwa watapewa chupa, na ile s kwenye mabano. Wakaelewa kwamba ni moja au zaidi, kama watakavyoona wenyewe. Wao ni nyumba moja, wanalala kitanda kimoja, wakaona moja inatosha. Mume alikuwa na mkono mzito. Kila akijitia tone, ncha ya chupa iligusa kope. Kisha akampa mkewe chupa ileile.

"Nitaona?" mke aliuliza.

"Utaona," Sista alisema, ingawa hakuwa amesikia bado daktari atasema nini.

Daktari alisema jicho litapona, lakini kwa dawa kali, na aje kila siku mpaka atakapoambiwa basi. Alimwandikia. Mama yule alipotoka, daktari alichukua karatasi moja kutoka kwenye trei, akaikunja, akaitupa kwenye ndoo. Kisha akabeba trei nzima na kuimwaga palepale.

"Hakuna karatasi ya Kiingereza hapa," alisema, "mpaka nione ambayo mtu akiifuata neno kwa neno hadhuriki. Sitaki nzuri. Nataka hiyo."

Jioni hiyo Sista hakuingia kwake. Alipita mlango wake, akaenda kugonga nyumba ya pili.

Nukta alikuwa anasahihisha madaftari, miguu ameiweka kwenye kigoda. Alimtazama wifi yake kwa mshangao, akasogeza rundo moja la madaftari apate pa kukaa. Sista alieleza yote, kwa Kiswahili, haraka, bila kutazama juu, kisha akaweka mbele yake ile sentensi ya kwanza kabisa.

Nukta aliisoma. "Haina kosa."

"Najua haina kosa."

"Wagonjwa ni wingi. Wengi wenye kitu kimoja kimoja, tunaandika wingi. Wanafunzi walifungua vitabu vyao. Hakuna mtu anayesema wanafunzi walifungua kitabu chao, labda wawe wanachangia. Kwa hiyo macho. Meneja wako yuko sahihi."

Sista aliisukuma karatasi pembeni. "Wifi, sikuja kuuliza kama ni sahihi. Nimekuja kuuliza kama mtu ataelewa. Kuna mama wa watu kule jicho limemvimba kwa usahihi huo."

"Ukiwa na lugha mbovu ndiyo ataelewa?"

"Mimi sijui nikiwa na lugha gani. Ningejua nisingekuja hapa."

Nukta aligonga kalamu kwenye daftari. Huenda hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo kuhusu Kiingereza, au huenda ni kwamba wifi yake alikuwa karibu kulia na hakutaka kuonekana. Alishusha miguu kutoka kwenye kigoda.

"Twende kwako," alisema. "Tumpe mtu asome. Yule mdogo wangu Kiingereza chake ni cha vitabu vya mafriji, hawezi kubahatisha."

Mumewe Sista alikuwa anaosha vyombo. Walimkalisha kwenye kiti cha jikoni, Nukta akambandika kipande cha plasta juu ya nyusi ya kulia, akamwambia hilo ndilo jicho lililotibiwa, sasa asome na afanye anachoambiwa, asiongeze lake.

Alisoma. Akaweka karatasi chini, akafunika macho yote mawili kwa viganja, akakaa hivyo.

"Anafanya makusudi," Nukta alisema.

"Dada, nimeambiwa macho. Mimi nina haya mawili."

"Imesema wagonjwa, macho yao. Maana yake kila mmoja lake."

"Wagonjwa wengine sijawaona. Niko peke yangu jikoni."

Nukta aliivuta karatasi, akaisoma upya. Sista, kwa mara ya kwanza tangu nundu ya mzee, alijisikia kama mtu aliyekuwa anapiga kelele ndani ya nyumba iliyofungwa na sasa dirisha limefunguka. Alivuta karatasi safi. Kama wingi ndio uliomponza, atautoa wote. Aliandika kila kitu kimoja kimoja: mgonjwa mmoja, jicho moja lililotibiwa, chupa moja, mkono mmoja, tone moja. Hakumngoja Nukta. Alimsukumia mumewe.

Mumewe alisoma mpaka mwisho. Alifunika jicho la kulia peke yake. Vizuri. Kisha akasimama, akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, na mkono wa kushoto ukiwa mfukoni akauweka wa kulia chini ya maji, akaugeuza huku na huku, akaukung'uta.

"Wash the hand," alisema. "Nimeuosha."

Nukta alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Sista hakucheka. Alikuwa ametazama ule mkono mmoja unaodondosha maji sakafuni, na hasira yake ilikuwa haina pa kwenda, kwa sababu safari hii hakukuwa na meneja.

"Basi haiwezekani," alisema. "Ukiweka nyingi wanazidisha, ukiweka moja wanapunguza. Sasa tuandike nini? Tuchore?"

"Ngoja," Nukta alisema, akifuta macho. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ndiyo sauti ambayo labda wanafunzi wake waliisikia mara moja moja, siku nzuri. "Ngoja, wifi. Tunakosea kutafuta sheria moja ya karatasi nzima. Hebu tuache wagonjwa. Tumchukue mtu mmoja, huyu hapa, tumwite 'each patient'. Kila mgonjwa. Hapo wamo wote, lakini wanakuja mmoja mmoja. Sasa nijibu. Huyu ana macho mangapi?"

"Mawili."

"Anafunika mangapi?"

"Moja. Lililotibiwa."

"Basi hilo ni moja na tunalitaja kwa jina lake, 'the treated eye'. Anaosha mikono mingapi?"

"Yote miwili."

"Basi tusiseme mkono wala mikono. Tuseme 'both hands', asipate pa kujificha. Chupa?"

"Moja kila mtu. Hata kama ni mume na mke. Hata kama ni mapacha."

"Yake peke yake. 'A separate bottle'. Tone?"

"Moja."

"Jichoni."

"Jichoni," Sista alirudia, akaanza kuandika, akasita. "Lakini wapo wanaotibiwa yote mawili. Si wa mtoto wa jicho, wale wenye maambukizi, nao wanapewa karatasi hiihii. Tukiandika jicho, mtu wa namna hiyo atatia upande mmoja."

"Tone moja kwenye macho," mumewe alisaidia.

"Hapo ataligawa," Sista alisema, na safari hii alikaribia kucheka. "Nusu huku, nusu huku."

Nukta alifikiri, akiuma kofia ya kalamu. Waliandika, wakakata. Walijaribu lile 'each' la kila mgonjwa kwenye jicho nalo: "one drop in each treated eye". Mwenye jicho moja lililotibiwa, tone moja. Mwenye mawili, moja huku na moja kule. Mumewe aliketi tena na kutii, mara akiwa mgonjwa wa jicho moja, mara wa mawili, mara mume wa mtu anayeomba chupa ya mkewe. Alifanya kila alichoambiwa na karatasi, na hakuna alipokosea. Hapo Nukta akataka kuanza upya ile sentensi ya pili kwa sababu haikuimba vizuri, na Sista akamnyang'anya kalamu.

"Nimefundisha wingi kwa wingi maisha yangu yote," Nukta alisema akiwa mlangoni, anatafuta kiatu. "Na bado si kosa, usije ukasema kwamba nimesema ni kosa."

"Sitasema."

"Ni kwamba inafungua milango miwili. Darasani haidhuru. Mtoto akiingia mlango usio wenyewe namkata maksi tu."

Alitaka kuongeza neno, pengine kuhusu harusi, pengine si hilo. Alivaa kiatu, akaenda zake.

Asubuhi meneja alisoma karatasi mpya akiwa ameinua kalamu. Sista alisimama mbele ya meza yake na hakukaa alipokaribishwa.

"Each patient," meneja alisema. "Inasikika kama kliniki ina mgonjwa mmoja."

"Inasikika hivyo."

"Na hapa umerudia. Each hapa, each pale. Mtu aliyesoma atatuona tumeishiwa maneno."

"Meneja, mama wa vitambaa yuko kule ndani sasa hivi anasafishwa jicho. Njoo umwambie tumeishiwa maneno."

Hakuwa amepanga kusema hivyo, na aliona jinsi kalamu ilivyoshuka. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amempigia simu mume wa yule mama mara kadhaa bila kumwambia mtu, akaagiza chupa mpya zitolewe bure. Lakini aliamini kwa moyo wake wote kwamba karatasi nzuri haimdhuru mtu, na sasa hakujua aweke wapi imani hiyo.

"Daktari aone kwanza," alisema.

Daktari aliisoma chumbani kwake, na aliposoma mikono yake ilifuata: ikafunika jicho moja, ikasuguana kama iko kwenye maji, ikainua chupa isiyokuwepo juu ya jicho hilo. Akaangalia nyuma ya karatasi kama kuna kingine. Akasaini.

"Meneja, chapa," alisema. "Bila kubadilisha neno."

"Hata kichwa cha habari? Haina kichwa."

"Weka kichwa unachotaka."

Mama wa vitambaa alipona. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa, na jicho lile halikuwahi kuwa zuri kama la mumewe. Akisoma maandishi madogo huinamisha kichwa upande. Alipokuja mara ya mwisho alimletea Sista kipande cha kitambaa cha buluu, na Sista alikipokea akiona aibu, maana hakuona alichofanya cha kupewa zawadi. Mhandisi naye alirudi kutibiwa jicho la pili. Alisoma karatasi mpya mbele ya Sista tangu juu mpaka chini, akauliza swali moja kuhusu chupa, akajibiwa, akaenda nyumbani na jicho moja wazi.

Meneja hakuchapa karatasi tu. Alitengeneza na ubao mkubwa wa plastiki wenye maneno hayohayo, akaupigilia ukutani juu ya benchi la kijani, fundi akapima kwa kamba usiende upande. Sista alifika kazini akamkuta meneja amesimama mbele yake na mikono nyuma, anautazama. Hakuna neno lililobadilishwa. Kila each ilikuwa mahali pake. Juu kabisa, kwa herufi nene nyekundu zinazoonekana tangu mlangoni, meneja alikuwa ameweka kichwa chake: INFORMATIONS FOR PATIENTS.

Sista aliitazama ile s. Alihesabu pumzi zake.

"Meneja," alisema. "Hilo neno halina wingi."

"Lipi?"

"La kwanza. Kwa Kiingereza halipokei s. Hata ziwe nyingi namna gani, ni lilelile."

Meneja aliugeukia ubao, akausoma wote, akifuata mistari kwa kidole kutoka jicho mpaka mikono mpaka chupa. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anahakikisha.

"Lakini hizi ni taarifa nyingi, Sista," alisema kwa upole. "Zaidi ya moja. Zihesabu."

Nyuma ya meneja, kwenye benchi, mwanamke wa kigeni mwenye kifuniko kipya alikuwa ameinua uso, anausoma ubao kwa jicho lake moja, midomo ikicheza. Alipofika katikati aliinuka, akaenda kwenye sinki, akaosha mikono yote miwili mpaka juu ya vifundo, akarudi kukaa.

"Sawa, Meneja," Sista alisema. Aliingia ndani kuita mgonjwa anayefuata, na akaufunga mlango kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.